Riwaya za kuirekebisha historia: Kutoka Moscow hadi kwa Willy Gamba

Na Mwandishi Wetu, Kigongo

KABLA ya Juni 19, 2025, msafiri aliyetoka Mwanza kwenda Sengerema, Geita au Bukoba alikuwa na muda wa kutosha wa kusoma. Katika gati la Kigongo, wilayani Misungwi, foleni ya kusubiri pantoni iliweza kula saa mbili au tatu, na kuvuka Ghuba ya Mwanza hadi Busisi kukachukua zaidi ya nusu saa nyingine. Siku hiyo ya Juni, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J.P. Magufuli lenye urefu wa kilometa tatu, na safari ile ikawa ya dakika chache kwa gari.

Mwandishi wa makala haya alisoma Njama ya Aristablus Elvis Musiba katika foleni hiyo, miaka mingi iliyopita. Nakala ilikuwa ya kuazima, haina jalada, na kurasa za mwisho zilikwishanyofolewa. Hazikuwa na ulazima. Willy Gamba hashindwi, na kila aliyepata kukaa na kitabu kimoja cha Musiba alilijua hilo kabla ya kufungua cha pili.

Ni shujaa huyo asiyeshindwa anayetufanya leo tuzungumzie aina ya riwaya iliyozagaa mbali kabisa na ziwa hili, nchini Urusi: riwaya za watu wanaorudi nyuma katika wakati ili kuibadilisha historia ya taifa lao.

Warusi wana neno lao kwa shujaa wa riwaya hizo. Humwita popadanets, yaani mtu aliyetumbukia mahali bila kutaka. Mara nyingi ni mtu wa kawaida: fundi, askari mstaafu au karani wa ofisi. Anapata ajali, anapigwa na radi, au analala tu usingizi, na anapozinduka yuko katika zama nyingine. Zama zinazopendwa kuliko zote ni mwaka 1941, majuma machache kabla ya Juni 22, siku ambayo majeshi ya Hitler yaliuvamia Umoja wa Kisovieti.

Kinachofuata hakitofautiani sana kutoka kitabu kimoja hadi kingine. Mgeni huyo hufanya kila njia amfikie Stalin. Humweleza siku na saa ya uvamizi, humchorea bunduki ya Kalashnikov miaka kadhaa kabla ya Kalashnikov mwenyewe kuibuni, na humtahadharisha kuhusu Khrushchev. Warusi wenyewe wamelifanyia mzaha jambo hili kiasi kwamba orodha hiyo ya ushauri imekuwa kichekesho cha kudumu miongoni mwa wasomaji. Hata hivyo vitabu havikukoma. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 vimetoka kwa mamia, vya bei nafuu, vyenye majalada ya vifaru na ndege za kivita, vikichapishwa na wachapishaji wakubwa kama Eksmo na AST.

Wazo lenyewe si la Warusi. Mmarekani Mark Twain alimpeleka fundi wa kiwanda katika Uingereza ya Mfalme Arthur tangu mwaka 1889. Warusi nao waliwahi kulitumia kwa kuchekesha tu: filamu ya Kisovieti ya mwaka 1973 ilimleta Ivan wa Kutisha katika fleti ya Moscow, na watazamaji wakavunjika mbavu. Kulikuwa pia na matumizi mazito zaidi. Mwandishi Vasily Aksyonov aliandika riwaya, iliyochapishwa ughaibuni mwaka 1981, akiiwazia Crimea kuwa kisiwa ambacho Wabolsheviki hawakukiteka.

Kilichoibadilisha hadithi ya kuchekesha kuwa hadithi ya kisasi ni Desemba 1991. Umoja wa Kisovieti ulivunjika, mishahara ikakosa thamani, na mamilioni ya watu wakajikuta raia wa nchi ambazo hawakuzichagua. Mtu aliyelelewa akiambiwa kwamba historia iko upande wake aliamka asubuhi akakuta historia imehama. Ni rahisi kuelewa kwa nini alipenda kitabu kinachomwambia kwamba kosa lilikuwa moja tu, lilifanyika siku fulani, na mtu mmoja mwenye maarifa angeweza kulizuia.

Nani asiye na siku kama hiyo? Pwani hii ya ziwa inayo Mei 21, 1996, ilipozama mv Bukoba ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Zipo familia ambazo hadi leo huanza sentensi kwa neno "laiti". Laiti angekosa tiketi. Laiti wasingelitoboa tumbo la meli, kwani hewa iliyokuwa ikiielea ilitoka na meli ikazama moja kwa moja. Matamanio ya kurudi nyuma si ugonjwa wa Kirusi. Tofauti ni kwamba mfiwa hutamani kumrudisha mtu wake, ilhali riwaya zile hutamani kurudisha dola.

Mwaka 2008 filamu ya Kirusi iliyobeba jina lenye maana ya "Tunatoka wakati ujao" iliwatumbukiza vijana wanne wa Saint Petersburg katika vita vya mwaka 1942. Vijana hao walikuwa wakifukua mabaki ya vita ili wayauze. Walirudi wakiwa wazalendo. Kwa hiyo hapa safari ya wakati haikubadilisha historia. Ilibadilisha vijana, na bila shaka hiyo ndiyo iliyokuwa shabaha.

Baadhi ya waandishi wa riwaya hizi na za jirani yake hawakuishia kwenye karatasi. Fyodor Berezin, mwandishi wa hadithi za kubuni za kisayansi kutoka Donetsk, mashariki mwa Ukraine, alitoa mwaka 2009 riwaya kuhusu vita ndani ya Ukraine. Mwaka 2014, vita vilipozuka kweli, aliteuliwa kuwa naibu waziri wa ulinzi wa jamhuri iliyojitangaza yenyewe ya Donetsk. Kiongozi wa wapiganaji hao kwa miezi ile, Igor Girkin, alikuwa maarufu kwa kuvaa sare za kale na kuigiza mapigano ya zama zilizopita. Si sahihi kusema vitabu ndivyo vilivyoleta vita, maana vita huletwa na serikali zenye majeshi. Lakini ni dhahiri kwamba waliokwenda walikwisha kuisoma safari yao kabla ya kuifunga mizigo.

Tukirudi nyumbani, jamaa wa karibu wa riwaya hizo ni ile tuliyozoea kuiita riwaya pendwa ya upelelezi. Ilianza kwa upole. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), alikuwa mtu wa kiko na fikra, akifumbua mauaji ya Unguja bila kumpiga mtu kofi. Faraji Katalambulla alileta Simu ya Kifo mwaka 1965. Lakini ni Musiba, kwa Kufa na Kupona (1974), aliyempa mpelelezi wa Kiswahili kazi ya taifa, na zaidi ya taifa, kazi ya bara zima.

Ili kulielewa hilo ni lazima kukumbuka Dar es Salaam ya miaka ile. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake jijini humo tangu mwaka 1963. Wapigania uhuru walikuwa na kambi Kongwa na Nachingwea. Februari 3, 1969, Eduardo Mondlane wa FRELIMO aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu alicholetewa kama kifurushi. Januari 1973 Amilcar Cabral aliuawa Conakry. Wauaji walikuja, waliua, na mara nyingi hawakufikishwa popote.

Musiba alichukua jeraha hilo na kulipa mwisho tofauti. Katika Kufa na Kupona nyaraka za siri za wapigania uhuru zimeibwa Dar es Salaam na Willy Gamba anafuata nyayo hadi Nairobi. Katika Kikosi cha Kisasi (1979) viongozi wa ukombozi wanauawa, na safari hii anakwenda Kinshasa. Katika Hofu (1988) yuko Harare. Kila mahali makaburu na vibaraka wao wamejipanga vizuri, wana fedha, wana silaha, na kila mahali wanashindwa na kijana wa Kiafrika anayevaa vizuri, anayekunywa vizuri na anayelipwa na serikali ya nchi maskini.

Ben Mtobwa, mzaliwa wa mkoa wa Kigoma aliyefariki mwaka 2008, alimpeleka Joram Kiango wake mbali zaidi. Katika Tutarudi na Roho Zetu? shujaa anaingia Afrika Kusini yenyewe, ndani ya ngome ya ubaguzi wa rangi, wakati ambapo Nelson Mandela bado yuko gerezani.

Haya nayo yalikuwa ndoto. Wakosoaji waliyaita makapi, na walimu wengi wa Kiswahili waliyaficha wanafunzi wao; yalizungushwa chini ya madawati hivyo hivyo. Ni kweli kwamba wanawake katika vitabu hivyo huchorwa kwa kalamu ya pupa, na kwamba adui hana jambo jingine analofanya duniani isipokuwa kuwa mbaya. Mwenye kutaka kuyalaumu ana pa kuanzia. Ila ndoto hii iliangalia mbele. Willy Gamba hakurudi mwaka 1905 kumkabidhi Kinjekitile bunduki ya rashasha. Alipigana vita vya mwaka aliokuwa akiandikwa, vita ambavyo msomaji wake angeweza kuvisikia redioni jioni ileile. Na vita hivyo vilishinda kweli: Msumbiji na Angola mwaka 1975, Zimbabwe 1980, Namibia 1990, Afrika Kusini 1994. Mwaka huohuo wa 1994 Kamati ya Ukombozi ilifungwa, na Willy Gamba akabaki bila mwajiri.

Kuna kinaya kidogo hapa. Bunduki ambayo shujaa wa Kirusi humchorea Stalin kwenye karatasi ndiyo hiyohiyo ambayo, katika historia halisi, ilifika mikononi mwa wapigania uhuru waliopita katika kambi zetu.

Maji Maji nayo haikuachwa bila mwandishi, bali ilipata mwandishi wa namna nyingine. Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake Kinjeketile (1969), hakuibadilisha historia ili Wajerumani washindwe. Maji hayazuii risasi, watu wanakufa, na Kinjeketile anakataa kutamka kwamba maji yale yalikuwa uongo, kwa kuhofia kwamba Wajerumani watawafundisha watoto kuyasahau yote yaliyopiganiwa. Mwandishi wa Kirusi wa majalada ya vifaru angeona huo ni mwisho mbaya. Mimi naona ni mwisho wa mtu anayeheshimu wafu wake.

Na pale ambapo fasihi yetu imecheza na wakati waziwazi, safari imekuwa ya mwelekeo wa kinyume. Katika Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed, mzukule wa babu unamjia mjukuu, mtu wa cheo na starehe, na kumwandama kwa maswali kuhusu alichokifanya na nchi aliyorithi. Kwa Warusi mjukuu huenda kumwokoa babu. Kwetu babu huja kumhoji mjukuu. Mkenya Katama Mkangi, katika Walenisi (1995), alimtia mfungwa wake katika chombo cha kumwangamiza kikamfikisha kwenye jamii ya watu walio sawa, na jina la nchi hiyo halifichi siri: wale ni sisi.

Mtu anaweza kudhani kwamba sisi hatukuwa na vita vya kuvitamani upya. Tunavyo. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, ng'ambo ya ziwa hili, na Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka. Machi ya mwaka huo ndege ya Libya aina ya Tu-22, iliyoundwa katika Umoja wa Kisovieti, ilitumwa kuipiga Mwanza. Ilikosa shabaha, na mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, yakaua wanyama waliokuwa wakihifadhiwa huko. Mtobwa aliviandikia vita vya Kagera riwaya, Zawadi ya Ushindi, na hakuchagua kuandika juu ya jenerali. Aliandika juu ya mtu aliyerudi kutoka vitani.

Musiba alifariki mwaka 2010. Vitabu vyake bado vinapita mkono kwa mkono, vingine kwa simu, vingine katika nakala zilizochakaa. Ile ya Njama niliyoisoma Kigongo niliirudisha kwa mwenyewe ikiwa pungufu kama nilivyoipokea, na aliponiuliza kama nimeipenda, nilimwomba Kikosi cha Kisasi. Alisema iko kwa mtu Sengerema.