Ukabaji wa Wapokeaji: Istilahi ya Altimeti Inayostahili Jina Lake

Mwalimu anayefundisha altimeti frisbi kwa Kiswahili hana tabu na kurusha wala kudaka, kwa kuwa maneno hayo tunayo. Tabu huanza timu inapokuwa haina kisahani, naye anataka kuwaeleza wachezaji sita kati ya saba kazi yao ni ipi. Wamarekani huiita “downfield defense”, na mwenye kutafsiri neno kwa neno ataishia kwenye “ulinzi wa chini ya uwanja”. Tafsiri hiyo inapotosha. Mpenzi wa kandanda wa Dar es Salaam au Mwanza anajua kwamba kukabia juu ni kuwafuata wapinzani huko huko kwao, na kukabia chini ni kurudi nyuma na kujaza watu mbele ya goli. Ukimwambia akabe “chini ya uwanja” atakimbilia nyuma kabisa, ilhali mtu anayepaswa kumkaba yuko katikati ya uwanja, yuko peke yake, anasubiri kurushiwa.

Hicho kinachoitwa “chini” hakipimwi kutoka golini, maana goli lenyewe halipo. Kiwanja cha altimeti kina urefu wa mita 100 na upana wa mita 37, na kila mwisho wake pana eneo la kufungia lenye kina cha mita 18. Bao hupatikana mchezaji anapodaka ndani ya eneo hilo. Kipimo chetu basi ni kisahani: sehemu yote iliyo mbele yake, kule timu inayokimiliki inakoelekea, ndiyo Wamarekani wanayoikusudia. Kisahani kikisogea, na sehemu hiyo inasogea nacho.

Msamiati huu una asili yake. Altimeti ilibuniwa mwaka 1968 na wanafunzi wa Columbia High School, Maplewood, katika jimbo la New Jersey, watu waliozaliwa wakaikuta kandanda ya Kimarekani, yenye mrushaji, wapokeaji na eneo la kufungia. Mechi ya kwanza ya altimeti baina ya vyuo vikuu, Rutgers na Princeton, ilichezwa tarehe 6 Novemba 1972. Vyuo hivyo hivyo viwili ndivyo vilivyokutana tarehe 6 Novemba 1869 katika mechi inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya vyuo kwa kandanda hiyo ya Kimarekani. Kwao neno lile lilikwishaingia masikioni kabla kisahani hakijaingia uwanjani. Sisi masikio yetu yamelelewa na kabumbu, kwa hiyo ni vema tuchukue kwenye kabumbu kile kinachofaa na kukiacha kinachopotosha.

Kinachofaa ni kukaba. Nimewasikia wengine wakipendelea “ulinzi”, wakisema kukaba kunanuka kabali na vibaka wa usiku. Hofu yao ina msingi, kwa sababu altimeti hairuhusu kumgusa mpinzani kwa nguvu, sembuse kumshika. Lakini kandanda imekwisha kulisafisha neno hilo: beki anayemkaba mshambuliaji vizuri hahitaji kumvuta jezi. Kulinda, kwa upande mwingine, ni kulinda kitu kilichotulia, kama lango, nyumba au mpaka. Altimeti haina lango wala kipa. Unachokishughulikia ni mtu anayekimbia, pamoja na njia atakayopokelea. Kwa hiyo mimi nasema ukabaji, tena nasema wa nani: ukabaji wa wapokeaji. Pale inapobidi kuwatenga wale waliosimama nyuma ya kisahani kwa ajili ya pasi fupi ya kuokoa, tuongeze neno moja, wapokeaji wa mbele. Mwenzake ni ukabaji wa mrushaji. Kazi hizi mbili zinategemeana, na mwanafunzi akiyasikia majina yao pamoja anaelewa hivyo kabla hajafafanuliwa.

Mwenye kisahani haruhusiwi kukimbia nacho. Mguu mmoja unabaki chini kama ekseli, wa pili unazunguka. Mpinzani aliye ndani ya mita 3 anamhesabia kwa sauti, sekunde kwa sekunde, na neno “kumi” likianza kutoka mdomoni kabla kisahani hakijaachwa, timu ile inakipoteza. Huyo anayehesabu hawezi kuziba pande zote mbili. Anaziba moja kwa mwili na mikono, ya pili anaiacha kwa makusudi. Timu nzima inajua tangu mwanzo upande uliofungwa ni upi na ulioachwa ni upi, na hapo ndipo mkaba mpokeaji anapopata pa kusimama.

Tuseme mrushaji yuko katikati ya uwanja na kushoto kwake kumefungwa. Mpokeaji wako yuko mita 15 mbele. Ukisimama nyuma yake kama beki anayelinda goli, kulia kote umempa bure. Simama upande ule ulioachwa, hatua moja au mbili kutoka kwake, mwili ukiwa nusu umemwelekea yeye na nusu umeelekea kisahani, ili macho yawapate wote wawili bila shingo kuzunguka. Kisha amua. Mpokeaji ana njia mbili kubwa: kuja kwa mrushaji apokee karibu, au kukimbia kwenda mbali apokee nyuma yako. Huwezi kuziziba zote mbili, na anayejaribu kufanya hivyo hujikuta kachelewa kotekote. Upepo ukimpiga mrushaji usoni, kurusha mbali ni kazi ngumu, hivyo ziba njia ya karibu. Upepo ukiwa mgongoni mwake, au mkono wake ukiwa unajulikana kwa kurusha mbali, rudi hatua mbili na umnyime zile mbio za nyuma. Kile unachomwachia kiwe ndicho kigumu zaidi kwa mrushaji siku hiyo. Hapa ndipo ninapoona akili ya mchezaji kuliko mahali pengine popote uwanjani.

Hesabu imefika tatu. Mpokeaji anatikisa mabega kulia, anageuza kichwa na kunyoosha mkono kana kwamba anaomba. Usimfuate. Mabega na macho hudanganya. Kiuno hakidanganyi, kwa sababu mtu hawezi kuondoka bila kukipeleka anakokwenda. Kaa kwenye nyayo za mbele, hatua fupi, miguu isipishane. Nne. Sasa kiuno kimegeuka kweli, anakuja kwa kasi. Ulikwisha kuwa hatua moja karibu na kisahani kuliko yeye, kwa hiyo huna haja ya kumshinda mbio. Unatakiwa kufika kwenye njia ile pamoja naye, na bega lako liwe upande wa mrushaji. Sita. Mrushaji alikwisha inua mkono, anakuona, anaurudisha. Saba. Mpokeaji anatoka kupisha wenzake, na mrushaji anatafuta wa kumrushia nyuma. Hujagusa kisahani wala hujakimbia mita 10, na kazi yako umeimaliza barabara. Hakuna atakayepiga makofi. Walimu wapige.

Pasi ikirushwa mbali, yule aliye karibu na mrushaji ana wajibu wa kupaza sauti, kwa sababu wenzake wengi wakati huo wanawatazama watu wao na hawaoni mkono ukiachia. Kilio kinachofaa ni “juu!”, kifupi na chenye kusikika. Ukikisikia, mtazame kwanza mtu wako ujue yuko wapi, ndipo utafute kisahani angani. Kisahani rasmi kina gramu 175 na hakiangukii pale ulipodhania; huelea, hupinda mwishoni, wakati mwingine husimama hewani kwa muda mrefu kuliko mpira wowote. Kuelea huko ni nafasi ya mkabaji aliyeachwa hatua mbili. Kimbilia mahali kitakaposhuka, tangulia kusimama hapo kihalali, ruka ukiwa mbele ya mpokeaji. Ukiruka kutoka nyuma yake utamgonga mgongoni, na hiyo ni faulo hata kama umekigusa kisahani kwanza. Kisahani kikianguka, umiliki unageuka, kwa hiyo si lazima ukidake. Kukitia mkono kunatosha, na kitendo hicho watangazaji wetu wamekwisha kukipa jina wanapomsifu kipa: kupangua.

Kuna mkabaji anayemwacha mtu wake makusudi ili aingie ghafla kwenye pasi ya mwingine. Nimeona ikiitwa “uwindaji haramu” kwa kufuata Kiingereza, jina lisilofaa kwa kitendo ambacho sheria inakiruhusu. Kuvizia kunatosha. Kuvizia huku kuna bei yake, kwa maana aliyeachwa yuko huru, na timu isiyozungumza itafungwa hapo hapo. Anayevizia aseme, na wa karibu naye ajibu kwa kubadilishana watu. Aliye nyuma ya wote tumwite beki wa mwisho, jina ambalo kila mtu analijua. Kazi yake ni kumsaidia mwenziwe aliyeachwa na mbio.

Limebaki neno moja la sheria. Ukiwa unamfuata mpokeaji wako, naye yuko ndani ya mita 3, ukakwama kwa sababu mchezaji mwingine yuko njiani, una haki ya kusimamisha mchezo kwa kulitaja jambo hilo. Mimi nimezoea kuliita kizuizi. Atakayelitaja ni wewe mwenyewe, kwani altimeti kwa kawaida haina refa wa kuamua. Hata kwenye mashindano ya WFDF, shirikisho la dunia lililoundwa mwaka 1985 na kutambuliwa kikamilifu na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mwaka 2015, wachezaji ndio wanaotaja makosa, wanaojadiliana na kukubaliana. Hapo istilahi inaacha kuwa jambo la kamusi. Watu wawili wanaobishana ni nani alimzuia nani, bila refa, wanahitaji maneno yenye maana moja kwa wote wawili. Mmoja akisema “ulinzi wa chini” akakusudia mbele ya kisahani, na mwenziwe akaelewa mstari wa mwisho, ugomvi unaanza pasipo na kosa.

Altimeti inachezwa Nairobi na Kampala, na Kiswahili kinasikika kwenye viwanja hivyo. Kwa walimu na manahodha wa huko, na kwa watakaoanzisha timu Tanzania, ombi langu ni hili: siku ya kwanza ya mazoezi wagaweni wachezaji kwa majina haya mawili, mkaba mrushaji na mkaba mpokeaji, kisha wapeni juu, kupangua, kuvizia na kizuizi. Mkiona jina linalofaa kuliko haya, litumieni uwanjani kwanza, halafu litangazeni.