Yoga shuleni: pumzi, kiboko na daftari la utafiti

Watoto wa Kibondo na Kasulu wanajua mazoezi. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ikiwa bado kwenye vilima, wanakimbia mchakamchaka kabla ya kupanga mstari. Mapumziko yakifika wanacheza rede. Kwa hiyo mwili kuwa sehemu ya masomo si jambo geni kwetu. Jambo geni ni mwalimu anayewaambia wanafunzi wasimame kimya, wavute pumzi polepole, waiachie polepole zaidi, ndipo wafungue madaftari ya hesabu.

Wapo walimu wa namna hiyo sehemu mbalimbali duniani, na wengine huongeza kazi ya tatu: wanachunguza pamoja na wazazi kama zoezi lenyewe linasaidia. Wasikilizaji wengi hulijua neno yoga kwa kulisikia tu. Hapa tunaeleza maana yake, inavyofanya kazi mwilini, na kwa nini utafiti uliofanyika hapa kwetu Kasulu unapaswa kumfanya mwalimu wa yoga awe mwangalifu na ahadi zake.

Yoga ni nini?

Yoga ilianza India zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Neno lenyewe ni la Kisanskriti na linahusiana na kuunganisha, kama kufunga ng'ombe wawili kwenye nira moja. Ndani yake kuna mikao ya mwili, mazoezi ya pumzi na kutuliza mawazo. Desemba 2014 Umoja wa Mataifa uliitangaza tarehe 21 Juni kuwa siku ya kimataifa ya yoga.

Kwa Afrika Mashariki, mradi unaofahamika zaidi ni Africa Yoga Project wa Nairobi, ulioanzishwa mwaka 2007 na Mmarekani Paige Elenson pamoja na wenzake. Mradi huo huwafundisha vijana, wengi wao wa mitaa ya mabanda, wawe walimu wa yoga. Wao nao huenda kufundisha mashuleni, kwenye makao ya watoto na magerezani.

Nguvu ya zoezi hili haina uchawi. Mtu akiogopa au akikasirika, moyo hukimbia na pumzi huwa fupi. Moyo hauamrishwi utulie, lakini pumzi unaweza kuiongoza, na moyo huifuata. Jaribu sasa hivi: weka vidole viwili kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, vuta pumzi kwa kuhesabu hadi nne, itoe kwa kuhesabu hadi sita. Ukitulia, huenda ukasikia mapigo yakipungua kasi kidogo pumzi inapotoka. Kuna mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka kutoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni, na ndio unaofanya kazi hiyo. Mtoto aliyetoka nyumbani kwenye ugomvi, au aliyevuka mpaka usiku akiwa mgongoni kwa mama yake, anaweza kulitumia zoezi hili bila kununua chochote.

Lakini pumzi haimshibishi mtoto aliyekuja shule bila uji, wala haitibu malaria. Tafiti nyingi za yoga mashuleni zimefanywa kwa watoto wachache na kwa muda mfupi, na majibu yake hayafanani. Anayekuambia yoga itapandisha ufaulu wa darasa la saba, mwombe ushahidi.

Je, ni dini?

Swali hili ni halali, na mwalimu asilikwepe. Yoga ilikulia ndani ya dini za India, na kwa baadhi ya watu mpaka leo ni ibada. Kwa wengine ni kunyoosha viungo tu. Mwaka 2008 baraza la fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga yenye maneno ya ibada ndani yake, na mwaka 2017 Saudi Arabia ikaikubali yoga kama mchezo. Jimbo la Alabama nchini Marekani, lenye Wakristo wengi, liliipiga marufuku kwenye shule za serikali mwaka 1993. Mwaka 2021 lilifungua mlango kwa masharti: pasiwe na nyimbo wala salamu za Kihindi, na mzazi atie saini kwanza.

Sharti hilo la mwisho tunalipenda. Shule isianze chochote cha aina hii kabla ya kamati ya shule na wazazi kuelezwa waziwazi, na mtoto ambaye wazazi wake wamekataa asiaibishwe mbele ya wenzake.

Somo la Nyarugusu

Kambi ya Nyarugusu ilianzishwa mwaka 1996 kupokea wakimbizi kutoka Kongo, na kuanzia mwaka 2015 ikapokea Warundi wengi. Mwaka huohuo kambi ya Nduta, Kibondo, ilifunguliwa tena. Madarasa ya kambini hujaa kupita kiasi, na walimu wengi ni wakimbizi kama wanafunzi wao, wenye majonzi yao wenyewe.

Shirika la International Rescue Committee lilipeleka huko mpango uitwao EmpaTeach. Haukuwa wa yoga, lakini kiini chake kinakaribiana na kile ambacho mwalimu wa yoga anakitafuta. Walimu walikutana kwa vikundi kwa wiki kadhaa, wakiongozwa na walimu wenzao. Walijifunza kujiweka kwenye nafasi ya mtoto, kujizuia hasira inapopanda, na kuliongoza darasa bila fimbo. Watafiti wa chuo cha London School of Hygiene and Tropical Medicine pamoja na wenzao wa Tanzania waliupima. Shule 27 za kambi zilipangwa kwa kura: baadhi zikapata mpango, nyingine zikasubiri. Kisha wanafunzi wenyewe wakaulizwa kama wamepigwa.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Hayakuonyesha kwamba mpango ulipunguza kipigo. Karibu nusu ya wanafunzi walisema walipigwa au kuumizwa na mwalimu ndani ya wiki moja tu iliyopita, na tofauti kati ya shule zilizopata mpango na zile zilizosubiri ilikuwa ndogo mno kutegemewa.

Tumeyarudia matokeo hayo mara nyingi hapa redioni, kwa sababu yanauma na kwa sababu yanafaa. Mpango ulikuwa na nia njema na watu makini. Kama wangewauliza walimu peke yao, pengine wangepata majibu matamu. Sisi tunayasoma hivi: mwalimu mwenye watoto mia mbele yake, ubao mmoja na mshahara mdogo, hawezi kuachwa apumue tu mpaka fimbo imdondoke mkononi. Wala hatusemi mafunzo hayafai. Mabula Nkuba na wenzake waliwapa walimu wa sekondari nchini mafunzo ya siku chache mfululizo, na katika matokeo yao ya mwaka 2018 adhabu za kupiga na kutukana zilipungua. Shule za kawaida si kambi, na mafunzo hayo hayakuwa yaleyale.

Ikumbukwe pia kwamba kanuni za Tanzania za mwaka 2002 zimeruhusu kiboko kwa mipaka: visizidi vinne, apige mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa kwa maandishi, na iandikwe kwenye daftari. Wazazi wengi hawajui kwamba daftari hilo linatakiwa kuwepo.

Kuchunguza pamoja na wenyeji

Utafiti unaowashirikisha wenyeji una mizizi Tanzania. Marja-Liisa Swantz, mwalimu kutoka Ufini, alifundisha wanachuo wa ualimu Kilimanjaro miaka ya 1950, kisha akaishi na Wazaramo wa pwani akijifunza kwao. Miaka ya 1970, akiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikuwa miongoni mwa walioeneza utafiti ambao mwanakijiji anauliza maswali, haulizwi tu. Mwaka 1973 redio nayo ilikuwa kazini: kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza, kujadili, kisha kwenda kuchimba vyoo.

Mwalimu wa Kibondo anayetaka kujaribu pumzi na mikao anaweza kuanza vivyo hivyo, kwa kukaa na wazazi. Mama mmoja akiuliza binti yake atainamaje kichwa chini akiwa na sketi, tayari ameurekebisha mpango: itachaguliwa mikao ya kusimama, kama mti na mlima, ambayo haihitaji mkeka wala sakafu isiyo na vumbi. Dakika 5 mstarini zinatosha. Kuhesabu pumzi kwa Kiha au Kirundi kunawasaidia wadogo. Asimlazimishe mtoto kufumba macho, maana aliyeona vita anaweza kuogopa giza hilo, na asimguse kumrekebisha. Mwenye pumu au sikoseli aende taratibu, na aachwe akisema amechoka.

Daftari la kupimia lianze wiki kadhaa kabla ya zoezi: mahudhurio, ugomvi, viboko. Darasa jingine lisilofanya zoezi liandikwe pia, vinginevyo hatutajua kama mabadiliko yametoka kwenye pumzi au kwenye mavuno mazuri ya maharage. Na watoto waulizwe faragha, na mtu asiye mwalimu wao. Kazi ikitaka kuwa utafiti rasmi, kibali hutafutwa Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, na ya kambini huhitaji pia ruhusa ya Wizara ya Mambo ya Ndani.

Mtoto akieleza kwamba anaumizwa, nyumbani au shuleni, jambo hilo halisubiri utafiti umalizike. Namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, hupigwa bure.