Ziwa Moja la Kuzalia: Heroe wa Natron na Mikataba ya Wanyama Wahamao

Mei 1900, wajumbe wa madola ya Ulaya yaliyokuwa yamegawana Afrika walikutana London wakatia saini mkataba wa kuhifadhi wanyama wa bara hili. Waafrika hawakuwamo. Kazi kubwa ya mkataba ule ilikuwa kuwapanga wanyama kwa madaraja: huyu asiguswe, yule awindwe kwa kiasi, na wale wapunguzwe. Simba, chui na mamba waliingizwa kundi la waharibifu, na mayai ya mamba yakaagizwa yaharibiwe. Mkataba wenyewe haukuanza kutumika kamwe, kwani madola kadhaa hayakuuridhia. Lakini fikra iliyouzaa iliishi kwa miongo mingi: kwamba mnyama huhifadhika jina lake likishaandikwa kwenye orodha.

Kwa heroe mdogo, ndege ambaye wengi humwita flamingo, orodha peke yake haina faida. Ndege huyu hula vijimea vidogo mno vinavyoota katika maji ya magadi, na chakula kikipungua ziwa moja huhamia jingine, mara nyingi usiku. Leo yuko Bogoria, kesho Nakuru, baadaye Manyara. Robo tatu hivi ya heroe wadogo wote duniani wako Afrika Mashariki, na karibu wote hao wanategemea mahali pamoja pa kuzalia: Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, chini ya mlima Oldoinyo Lengai. Huko hujenga viota vya tope juu ya tabaka la magadi, katikati ya maji makali yanayowazuia fisi na mbweha kuwafikia. Jike hutaga yai moja tu.

Wanasayansi walichelewa kulijua hilo. Mwaka 1954 Leslie Brown, ofisa wa kilimo nchini Kenya aliyependa sana ndege, aliviona viota hivyo akiwa angani. Alipojaribu kuvifikia kwa miguu, magadi yalimuunguza vibaya hata akalazwa hospitalini. Ukali ule ule unaoyafanya maji ya Natron kuwa ngome ya vifaranga ulikaribia kumuua mtu mzima.

Kisha ikaja 1962. Mvua kubwa zilikuwa zimelifurisha Natron, heroe wakavuka mpaka na kuzalia Ziwa Magadi, upande wa Kenya. Huko magadi yaligandamana kwenye miguu ya vifaranga kama pingu, wakashindwa kutembea na kuanza kufa. Watu, miongoni mwao mpiga filamu Alan Root, waliingia matopeni wakavunja pingu hizo kifaranga kimoja baada ya kingine, hadi maelfu wakaokolewa. Nakiona kisa hiki kuwa somo kubwa kuliko mikutano mingi: ndege wa Natron waliokolewa Kenya, na walioinama kuwaokoa hawakuuliza ni wa nchi gani.

Sheria za kimataifa zilifuata polepole. Mkataba wa Ramsar wa 1971 uliachana na orodha za wanyama tu, ukageukia maeneo yenyewe: maziwa, mabwawa, mikoko. Mkataba wa Bonn wa 1979, ulioanza kutumika 1983, uliongeza jambo ambalo halikuwa limepata sheria yake, yaani safari. Nchi zote anazopitia mnyama zinawajibika kwake kwa pamoja. Chini yake ukazaliwa mkataba wa ndege wa majini wahamao kati ya Afrika na Ulaya na Asia, ulioanza kutumika 1999. Kenya iliingia Ramsar 1990 na kuandikisha Nakuru; Tanzania iliingia 2000, na mwaka uliofuata Natron ikaandikishwa.

Mtihani haukukawia. Kuanzia 2006 ulisukumwa mradi wa kiwanda cha magadi soda kando ya Natron, wa Shirika la Taifa la Maendeleo la Tanzania na kampuni ya Tata Chemicals ya India. Nchi inayohitaji ajira na fedha za kigeni ina haki ya kuitazama mali yake ya ardhini, na sioni haki kuwabeza waliouunga mkono. Lakini heroe wakishtuliwa kwenye viota huvitelekeza, na ulimwengu hauna Natron ya pili. Februari 2008 ujumbe wa Ramsar ulikuja kulikagua ziwa, wanaharakati wa Kenya na Tanzania wakapaza sauti, na mwaka huo huo kampuni ikajitoa. Baadaye macho ya serikali yalielekezwa kwenye magadi ya bonde la Engaruka, kusini mwa Natron.

Ushindi ule ulikuwa wa upande mmoja wa ziwa. Mto mkubwa unaoingia Natron, Ewaso Ng'iro wa Kusini, hutoka nyanda za Mau nchini Kenya. Mti ukikatwa Mau au maji yakizuiwa njiani, kina na ukali wa maji ya Natron hubadilika, na Tanzania haina amri huko juu. Ndiyo maana naamini mikataba hii ina upungufu palepale inapohitajika zaidi: inawaunganisha mawaziri na wataalamu, lakini mfugaji wa Kimaasai wa kando ya Natron na mkulima wa Mau, ambao wote wawili wanashika maisha ya ndege huyu mikononi mwao, ni nadra kuitwa baraza moja.

Mpango wa kimataifa wa kumhifadhi heroe mdogo uliandikwa 2008. Tangu hapo maziwa ya Bonde la Ufa yamefurika na kupanuka. Nakuru imemeza sehemu ya lango lake la hifadhi, na utafiti wa picha za setilaiti uliochapishwa 2024 ulionyesha kuwa maji yakiongezeka vijimea wanavyokula heroe hupungua. Nakuru, Elmenteita na Bogoria ziliingia Urithi wa Dunia 2011, lakini ndege sasa wanaonekana kusogea kwenye maziwa mengine, mengi yakiwa nje ya hifadhi. Ramani za ulinzi zilichorwa kwa maziwa ya jana. Zinahitaji kuchorwa upya, na safari hii Dodoma na Nairobi zikae meza moja na watu wa Mau na wa Natron kabla ya kalamu kushikwa.