Vijana waliorejea kutoka Al-Shabaab (Kwale)

Hao ni vijana wa Diani, Ukunda, Msambweni na vijiji jirani vya kaunti ya Kwale, Kenya, waliokwenda Somalia kupigana upande wa kundi la Al-Shabaab katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, kisha wakarudi nyumbani. Aprili 2015, baada ya shambulio la kundi hilo katika Chuo Kikuu cha Garissa lililoua watu 148, Waziri wa Usalama wa Ndani Joseph Nkaissery aliwapa siku 10 za kujisalimisha kwa ahadi ya msamaha. Wengi hawakujitokeza, waliwahofia polisi na wenzao wa zamani vilevile, na hata wangepewa mtaji wa biashara, usingemfaa anayeogopa kuonekana mchana. Mwaka 2017 kaunti ilizindua mpango wake wa kukabiliana na itikadi kali. Wajane na kina mama wa vijana hao, wasiotajwa sana, ndio waliobaki kulea watoto huku majirani wakiwashuku.