Ruhusa ya Kwao: Istilahi ya Furlough na Jina Lake kwa Kiswahili

Katika mji wa Dubai, ambamo wageni waliokuja kutafuta riziki ni wengi kuliko wenyeji kwa mbali, habari ya kurejea makwao kwa muda haikosi katika mazungumzo ya watu hata siku moja. Mwenye duka wa Deira huitaja, mlinzi wa mlango huitaja, mpishi na muuguzi huitaja, na kila mmoja ana hesabu yake ya miezi iliyopita tangu asafiri na miezi iliyosalia kabla ya kukata tikiti. Sheria ya kazi ya Umoja wa Falme za Kiarabu ya mwaka 2021 imemkadiria mfanyakazi aliyetimiza mwaka kazini siku 30 za mapumziko yenye mshahara. Kwa Kiarabu mapumziko hayo ni ijaza. Waswahili tulio hapa huyaita likizo, livu, ruhusa au vekesheni, kila mtu kwa kadiri ya umri wake na mahali alikotoka. Kazi yangu ni tarjuma, na katika barua za makanisa na historia za misheni zinazotakiwa kwa Kiswahili, neno la Kiingereza furlough huja mara kwa mara, nalo lataka uangalifu mkubwa kuliko udogo wake, kwa kuwa hakuna hata moja katika majina hayo manne linaloweza kulichukua peke yake bila ya kupoteza sehemu ya maana.

Waingereza walilipokea neno hilo kwa Waholanzi katika karne ya 17. Asili yake ni verlof, yaani ruhusa, na kwanza lilikuwa neno la askari: mtu aliyepewa hati ya kuondoka kambini kwa siku maalumu akawaone watu wake, ilhali jina lake limebaki katika daftari ya jeshi na kiapo chake kimebaki shingoni mwake. Kutoka kwa askari lilihamia kwa maofisa waliotumwa Bara Hindi, kisha likawafikia wamishonari wa Kiprotestanti wa karne ya 19, ambao walikuwa na sababu nzito za kulihitaji. Homa iliwaua wengi. Watoto wao waliofikia umri wa kusoma aghalabu waliachwa Ulaya au Marekani, mzazi akawaona mara moja baada ya miaka. Tena waumini waliochanga fedha zao kidogo kidogo walitaka kumwona mtu wao na kusikia kwa kinywa chake kazi imefikia wapi. Vyama vikaweka kanuni za muda wa kukaa ugenini na muda wa kurejea, na kanuni hizo, zijapokuwa mbalimbali, zilikuwa na sharti moja: mwenye kuondoka ahesabiwe kuwa yumo kazini bado, na muda ukiisha arudi.

Msomaji asidhani kwamba muda huo ulikuwa wa kulala na kustarehe. David Livingstone alifika Uingereza mwezi wa Desemba mwaka 1856 baada ya miaka 16 ya Afrika, na katika miezi michache iliyofuata alikiandika kitabu kikubwa cha safari zake, kikatoka mwaka 1857. Kisha akazunguka miji akihutubia, na mwezi wa Desemba mwaka huo huo akasema na wanachuo wa Cambridge maneno yaliyowaamsha hata wakaanzisha misheni ya vyuo vikuu kwa Afrika ya Kati. Misheni hiyo, baada ya taabu na vifo vya bonde la Shire, ilihamia Unguja mwaka 1864. Kanisa lake la Mkunazini, lililojengwa mahali pa soko la watumwa, lina mzizi wake katika mapumziko ya mtu mmoja ambaye hakupumzika.

Mfano wa Edward Steere una mafunzo zaidi kwetu sisi wa lugha. Alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer, akajifunza Kiswahili kwa bidii ya ajabu akisikiliza hadithi na kuziandika. Mwaka 1868 akarejea Uingereza, katika parokia yake ya kijiji cha Little Steeping huko Lincolnshire, asirudi Unguja mpaka mwaka 1872. Kwa kipimo cha kanuni miaka ile minne haikuwa furlough kamili, maana alikuwa na waumini wake wa kuwatunza. Walakini mwaka 1870, akiwa bado huko kwao, zilitoka London kazi zake mbili, mwongozo wa lugha ya Kiswahili kama isemwavyo Unguja na mkusanyo wa hadithi za Waswahili, na vizazi vya wageni walijifunza lugha yetu kwa kurasa hizo. Mimi naona jambo hili lastahili kutazamwa kwa makini: mtu alipokuwa mbali na wasemaji wa lugha ndipo alipopata nafasi ya kuipanga sarufi yao. Kazini alikusanya, kwao alitengeneza. Mwenye kuita miaka ile likizo, na msomaji akaelewa siku za kufunga shule, amemdhulumu Steere.

Wako pia waliokaa bila ya kurejea. Johannes Rebmann alifika Mombasa mwaka 1846, akauona mlima wa Kilimanjaro mwaka 1848, akaenda Misri mwaka 1851 akaoa, akarudi kituoni kwake Rabai, karibu na Mombasa. Ulaya hakuiona tena mpaka mwaka 1875, akiwa kipofu, akafa mwaka uliofuata huko Korntal katika Ujerumani. Miaka 29 ya namna hiyo yaonyesha kwa nini vyama viliona ni hekima kuwalazimisha watu wao waondoke kwa zamu hata kama wenyewe hawataki.

Upande huu wa Ghuba nao una habari zake. Misheni ya Arabuni iliyoanzishwa na Wamarekani mwaka 1889 ilifungua kituo Maskati mwaka 1893, na aliyekaa huko ni Peter Zwemer, kijana, ambaye mwaka 1896 alikabidhiwa watoto 18 wa Kiafrika waliookolewa katika biashara ya watumwa, akawafanyia shule nyumbani kwake. Joto la Maskati na homa zilimvunja. Mwaka 1898 aliondoka kwenda kwao kutafuta afya, akafa New York mwaka huo huo. Jambo la kuangaliwa hapa ni nani mwenye kumruhusu mtu kurejea. Mabaharia wa Dubai na Kuwait waliokuja Mombasa, Lamu na Unguja kwa upepo wa kaskazi, wakachukua boriti za mikoko zilizoezekea nyumba za kale za mwambao huu, walirudi kwao kusi ilipoanza kuvuma. Mwenye kuwaruhusu alikuwa ni msimu. Zwemer na wenziwe waliruhusiwa na kamati, kwa barua, na barua hiyo ilitaja mwisho wa muda.

Sasa tuyapime maneno. Likizo latokana na kulikiza, yaani kumwacha mtu aende, kumfungua katika kazi. Na mama humlikiza mtoto anapomwachisha ziwa. Asili hiyo ni nzuri, lakini matumizi ya leo yamelifanya kuwa la mapumziko ya shule na ofisi, na tena mtoto aliyelikizwa ziwa harudii. Livu ni neno la kambini na la ofisini, lenye kufaa katika mazungumzo, ila halisemi chochote kwa asiyejua Kiingereza. Mapumziko yanasema uongo, kama Livingstone anavyoshuhudia. Ziara yafaa kwa mgeni, ilhali huyu anakwenda kwa watu wake. Ijaza kwa wanazuoni wa pwani yetu ni idhini ya shekhe kwa mwanafunzi wake kusomesha, na kuliondoa hapo si vema.

Labaki ruhusa, na mimi ndilo nilichagualo. Kwanza, ndiyo maana hasa ya verlof. Pili, ruhusa haina budi kuwa na mwenye kuitoa, na aliyepewa ruhusa bado yu chini ya aliyempa. Mwanafunzi aliyeomba ruhusa hajaacha shule. Tatu, asili yake ya Kiarabu, rukhsa, ina historia ndefu katika fiqhi: msafiri aliyeruhusiwa kupunguza sala au kula mchana wa Ramadhani amepewa wepesi kwa sababu ya uzito wa safari, na wajibu haukuondoka, bali siku alizokula atazilipa. Maana hii, ijapokuwa ya dini nyingine, yaifafanua desturi ya wamishonari kuliko neno lolote la Kizungu nilijualo: wepesi uliopimwa, wenye sababu, na wenye wajibu nyuma yake.

Lakini ruhusa ya wapi? Wafasiri wengi huandika "nyumbani", nami nawapinga kwa heshima. Nyumbani ni pale mtu alalapo. Mfanyakazi wa Dubai aliyechoka jioni husema anakwenda nyumbani, akiwa na maana ya chumba cha watu wanne huko Satwa. Kiswahili kina neno bora, kwao. Kwake ni nyumba yake; kwao ni penye jamaa zake, na lugha humpa neno hili la wengi hata mtu mmoja, maana kwao hapawi pa mtu peke yake. Mmishonari anaporejea, nyumba aghalabu hana. Ana waliomzaa, waliomtuma na wanaomwombea, na hao ndio anaowaendea. Tena neno hili hufuata msemaji: yeye ataandika "ruhusa ya kwetu", na kanisa la Masasi au la Rabai litaandika "ruhusa ya kwao". Taabu moja yabaki, ya mtoto aliyezaliwa misheni akakua akisema Kiswahili, ambaye ruhusa ya wazazi wake ilimpeleka ugenini. Hilo haliwezi kutatuliwa na mfasiri, wala na Wazanzibari wa Ghuba hii wenye kwao kuwili.

Yafaa kuongeza kwamba vyama vingi vya misheni siku hizi vimeliacha neno la kale, vikapendelea jina lenye kuonyesha kazi inayofanywa huko. Kwa hilo "zamu ya kwao" yatosha. Na mwaka 2020, katika maradhi ya korona, Waingereza waliliita furlough jambo jingine kabisa: wafanyakazi kukaa majumbani bila ya kazi, serikali ikilipa mpaka asilimia 80 ya mishahara yao. Hiyo tuiite likizo ya lazima, kama magazeti ya Kenya yanavyoandika, wala isichanganywe na hii.

Kwa kanuni hiyo historia yaweza kuandikwa kwa usahihi. Krapf, mwenzi wa Rebmann huko Rabai, alipokwenda Ulaya mwaka 1850 alikuwa katika ruhusa ya kwao, maana alirudi Rabai mwaka 1851. Mwaka 1853 aliondoka, na alipokuja tena Ribe mwaka 1862 pamoja na mmishonari Wakefield alikuwa katika safari mpya ya chama kingine cha misheni. Livingstone aliianza ruhusa yake akiwa mtu wa misheni, akarudi Afrika mwaka 1858 akiwa mtumishi wa serikali. Steere, aliyekufa Unguja mwezi wa Agosti mwaka 1882 siku chache baada ya kurejea kutoka Uingereza, alifia kazini. Peter Zwemer alifia katika ruhusa ya kwao.