Ragini Devi na haki ya kucheza ngoma ya watu wengine

Mwaka 1906 Ruth St. Denis, mchezaji wa Kimarekani, aliingia jukwaani New York na onyesho aliloliita Radha. India alikuwa hajaikanyaga. Hamu ya ngoma za Mashariki ilimwingia miaka miwili kabla, alipoona tangazo la sigara lenye picha ya mungu wa kike wa Misri, na muziki aliouchezea ulitungwa na Mfaransa, Léo Delibes. Kipaji alikuwa nacho, na heshima yake kwa India sina sababu ya kuitilia shaka. Lakini katika ukumbi ule hapakuwa na kanuni yoyote ya ngoma ya Kihindi ambayo angeonekana ameivunja, kwa sababu yeye hakuzijua na watazamaji wake hawakuzijua. Ndiyo maana nashikilia kwamba haki ya kucheza ngoma ya watu wengine haitokani na damu, wala haitokani na mapenzi, maana mapenzi St. Denis alikuwa nayo tele. Inatokana na uanafunzi: mchezaji awe amekaa chini ya mwalimu mwenye mamlaka ya kumwambia amekosea, akasahihishwa, akarudia. Ushahidi mzuri kuliko wote wa jambo hili ni maisha ya Ragini Devi, kwa kuwa alicheza kwanza bila mwalimu wa aina hiyo, kisha akaenda kumtafuta.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Esther Luella Sherman. Alizaliwa mwaka 1893 Petoskey, jimbo la Michigan, akakulia Minneapolis. Mwaka 1921 aliolewa na Ramlal Bajpai, mwanasayansi wa Kihindi aliyekuwa akipigania uhuru wa nchi yake akiwa ughaibuni, wakahamia Brooklyn. Ndoa ile haikuwa jambo jepesi. Sheria ya Marekani ya 1907 ilimvua uraia mwanamke aliyeolewa na mgeni, na mwaka 1923 Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi ya Bhagat Singh Thind, kwamba Wahindi hawastahili kupewa uraia wa nchi hiyo. Ni katika miaka hiyohiyo Esther alipoanza kucheza New York kwa jina la Ragini Devi, akiwaambia watu kwamba yeye ni Mhindu wa Kashmir. Wakamwamini. Mwaka 1928 akatoa kitabu, Nritanjali, cha kuieleza ngoma ya Kihindi kwa wasomaji wa Kiingereza, na wakosoaji wakampokea kama mjuzi, ilhali hajafika India.

Alifika mwaka 1930, mjamzito, ndoa ameiacha nyuma. Binti yake Indrani alizaliwa Madras mwaka huohuo. Mjini humo alijifunza kwa Gauri Ammal wa Mylapore, mmoja wa devadasi, yaani wanawake waliowekwa wakfu kucheza na kuimba hekaluni, aliyekuwa gwiji wa kuigiza maana ya wimbo kwa uso na mikono. Kisha akaenda Kerala, kwenye chuo cha Kalamandalam, ambacho mshairi Vallathol Narayana Menon na Mukunda Raja walikifungua mwaka 1930 baada ya kuchangisha fedha kwa bahati nasibu. Hapo palifundishwa Kathakali, ngoma ya maigizo iliyokuwa ya wanaume, iliyochezwa usiku kucha hadi mapambazuko.

Msomaji wa pwani yetu, aliyezoea ngoma za filamu za Kihindi, itambidi aweke picha hizo kando ili aelewe Kathakali inadai nini. Mwanafunzi huamka kabla ya kucha. Katika msimu wa mvua hupakwa mafuta mwili mzima, akalazwa sakafuni, na mwalimu humkanda kwa nyayo zake huku ameshikilia kamba au mti juu, mpaka nyonga zifunguke. Husimama ametanua magoti, uzito wote ukiwa kwenye kingo za nje za nyayo. Macho nayo yana mazoezi yake: hupakwa samli, kope zikafunuliwa kwa vidole, mboni zikazungushwa polepole, kisha haraka, kisha haraka zaidi, bila kichwa kutikisika. Ishara za msingi za mikono ni 24, na kwa kuziunganisha mchezaji husema sentensi nzima, kwa kuwa yeye hafungui kinywa. Wanaoimba ni waimbaji wawili nyuma yake, wakifuatana na ngoma za chenda na maddalam. Mtu hamalizi mafunzo haya kwa mwaka mmoja wala miwili. Hapa jina la Kashmir halikuwa na kazi yoyote. Mpiga chenda hababaishwi na jina la mchezaji. Ama mguu umeangukia pigo lake, ama haukuangukia.

Ragini Devi hakukaa miaka yote ambayo mvulana wa Kathakali angekaa, na ni haki kulisema hilo. Alichofanya ni kuungana na Gopinath, kijana aliyelelewa katika fani hiyo, wakazunguka miji ya India tangu 1933 wakicheza vipande vifupi vilivyofaa jukwaa la mjini. Wapo wanaosema huko kulikuwa kuikatakata Kathakali ili iwapendeze watu wasio na subira. Neno hilo lina uzito. Ila mkasi haukuwa mkononi mwa mgeni peke yake: Gopinath alijua kinachokatwa kilitoka wapi na kilikuwa na kazi gani. Kupunguza kitu unachokijua ni tendo tofauti kabisa na kubuni kitu usichokijua, na ndiyo tofauti kati ya jukwaa la 1933 na lile la 1906.

Pingamizi la pili ni la uongo wake kuhusu asili yake, na silitetei. Alifaidika nao, na kila aliyelipa kiingilio kumwona Mhindu alidanganywa. Tujiulize hata hivyo uongo ule uliwezekanaje. Uliwezekana kwa sababu New York ilimpima kwa sura, mavazi na jina, na vipimo hivyo mtu yeyote anaweza kuvivaa. Wanaotaka leo damu iwe kipimo cha haki wanarudi kwenye kipimo kilekile kilichomfanya adanganye kwa urahisi.

Pingamizi zito kuliko yote ni la devadasi wenyewe. Kampeni za kupinga kazi yao zilianza mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1947 sheria ya Madras ikapiga marufuku kuwaweka wakfu wasichana hekaluni. Kwa hiyo katika miaka ileile ambapo wanawake wa koo za ngoma walikuwa wakiaibishwa na kupoteza riziki, mwanamke wa kigeni, na wanawake wa tabaka la juu la Kihindi kama Rukmini Devi Arundale aliyefungua Kalakshetra mwaka 1936, waliweza kusimama jukwaani na kupigiwa makofi kwa sanaa ileile. Hiyo ilikuwa dhuluma, na uanafunzi hauifuti. Unachofanya ni kutuonyesha nani anadaiwa. St. Denis hakuwa na deni kwa mwalimu yeyote wa Kihindi kwa ajili ya Radha yake. Ragini Devi alikuwa na deni kwa Gauri Ammal, deni lenye jina na mtaa. Rukmini Devi naye alipita mikononi mwa Gauri Ammal, na pia Balasaraswati, ambaye yeye mwenyewe alizaliwa katika ukoo wa devadasi. Mwaka 1962 Balasaraswati alicheza Jacob's Pillow, Marekani, na kwa miaka mingi akafundisha huko, hasa Chuo Kikuu cha Wesleyan. Bingwa wa damu safi ya ngoma ile hakuona ubaya kumkabidhi Mmarekani urithi wake, mradi akubali kufundishwa.

Ragini Devi alichapisha kitabu kingine, Dance Dialects of India, mwaka 1972, baada ya miaka ya kuzunguka majimbo akiwatazama wachezaji, na ukikiweka kando ya kile cha 1928 ni kama vimeandikwa na watu wawili. Alifariki mwaka 1982, New Jersey. Binti yake Indrani alikuwa ameshaipeleka Odissi, ngoma ya jimbo la Odisha, nje ya India. Mwanafunzi wa kigeni wa Odissi aliyeishika kanuni hii kikamilifu zaidi, kwa maoni yangu, ni Ileana Citaristi wa Italia, aliyefika kwa mwalimu wa ngoma hiyo, Kelucharan Mohapatra, mwaka 1979 na hakuondoka tena Odisha. Serikali ya India ilimpa nishani ya Padma Shri mwaka 2006. Miaka mitano kabla ya hapo alikuwa ameshachapisha wasifu wa guru wake, ili atakayetaka kujua miguu ile ilifundishwa na nani asilazimike kubahatisha.