Duka la wavuti la sarafu za mchezo

Duka la wavuti la sarafu za mchezo ni tovuti ambamo kampuni ya michezo ya simu huwauzia wachezaji sarafu za mchezo moja kwa moja, bila kupitia App Store wala Google Play. Katika Free Fire ya Garena, kwa mfano, mchezaji huandika namba yake ya utambulisho, huchagua kiasi cha almasi na kulipa. Almasi huingia kwenye akaunti yake.

Sababu. Kamisheni ya kawaida ya Apple kwa mauzo ya App Store ni asilimia 30. Kampuni hutumia sehemu ya fedha inayookolewa kuwapa nyongeza wateja wa kudumu, kwani wachezaji wachache ndio huleta sehemu kubwa ya mapato. Agosti 2020 Epic Games iliuza sarafu za Fortnite kwa punguzo la asilimia 20 nje ya mfumo wa Apple. Mchezo ukaondolewa kwenye App Store na Epic ikaishtaki Apple. Mwaka 2021 mahakama ya Marekani iliiamuru Apple iruhusu viungo vya malipo ya nje.

Tanzania. Mahali kama Mwakitolyo, kata ya wachimbaji wadogo wa dhahabu mkoani Shinyanga, asiye na kadi ya benki hutegemea pesa za simu, kama M-Pesa iliyoanza nchini mwaka 2008. Duka lisilopokea malipo hayo humfungia mlango.

Tahadhari. Duka halali halihitaji nywila ya mchezo wala namba ya siri ya pesa za simu kupitia ujumbe. Anayeziomba hivyo ni tapeli, na mchezaji asimpe kamwe.